Ongeza Tatu

Kiranja alitupigia simu mmoja mmoja, kwa sauti ileile aliyokuwa akitupangia nayo mstari asubuhi. "Jumamosi saa nne, shuleni. Jumatatu naingiza tingatinga." Shule yetu inabomolewa ili ijengwe nyingine ya ghorofa, na kazi ya kubomoa amepewa yeye, ambaye siku hizi ni mkandarasi mwenye malori matatu na kitambi kimoja. Kabla ya kukata akaniambia, "Na wewe, Pungufu, usichelewe. Njoo uuage mlango wako."

Nilimkatia simu. Mimi ni seremala. Nina karakana yangu na mafundi sita, wote wanaume, wawili kati yao wazee kuliko mimi, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuniita Pungufu. Lakini watu niliosoma nao wana haki ya kunitia hasira ambayo sikuwapa. Waliichukua tu, na wamekaa nayo miaka thelathini na moja.

Nieleze jambo hili lilianza wapi. Darasa letu lilikuwa la ufundi, na darasa zima lilikuwa na rula moja ya mbao, ya mita moja. Kabla hatujafika, kuna mtu aliivunja upande wa mwanzo, sentimita tatu za kwanza zikapotea. Wengine walisema ilitumika kukorogea gundi ya moto, wengine walisema ilivunjikia mgongoni kwa mtu. Mwalimu wa Ufundi aliomba rula nyingine mpaka akachoka kuomba. Basi ikawa hivi: ukitaka sentimita themanini, unaweka ncha iliyovunjika ukingoni mwa mbao, halafu unahesabu mpaka themanini na tatu. Ukijisahau ukaishia themanini, mbao yako inatoka fupi, na mbao fupi hairefushwi.

Kwa hiyo mwalimu alipokuwa akipita nyuma yetu hakuwa na wimbo mwingine. "Ongeza tatu!" Na sisi tulijibu kwa pamoja, "Hatujasahau!" Mwishowe ikawa ndiyo salamu yetu. Hata leo nikikutana na mtu wa darasa lile sokoni, hatuulizani habari za nyumbani kwanza.

Na nasema bila aibu: kwa rula ile mbovu tulitengeneza madawati sitini, na hakuna hata moja lililoyumba. Darasa lililotutangulia lilikuwa na rula nzima, na halikuacha hata kigoda.

Mwaka wetu wa mwisho tukajenga stoo ya vifaa. Kila mtu alipewa sehemu yake. Kiranja alipewa fremu ya mlango, mimi nikapewa mlango wenyewe. Mlango wa sentimita themanini, fremu ya themanini na nusu, hiyo nusu ikiwa ya kuupa mlango nafasi ya kupumua. Fremu ilitangulia, ikajengewa ukutani. Mlango wangu niliutengeneza kwa wiki tatu, nikaulaza kwenye karakana ya shule chini ya gunia, sikutaka mtu auguse.

Nilikuwa na sababu. Baba yangu alikuwa seremala, na mimi nilikuwa nimemwomba anichukue karakanani kwake nikimaliza shule. Hakukataa, hakukubali. Alisema, "Tutaona siku ya mlango."

Siku ya kuzindua stoo wageni walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti, wazazi wamevaa vizuri, baba akiwa na koti lake la harusini. Tukaubeba mlango, tukaupandisha kwenye bawaba, tukaufunga. Upande wa kitasa ukabaki upenyo ambao panya angeweza kupita bila kujikunja. Sentimita tatu na ushee. Hakuna aliyepima, kwa nini apime? Tatu ilikuwa tatu, kosa letu la kila siku. Mwalimu akanitazama kwa masikitiko, akasema, "Mwanangu, leo ndiyo umesahau?" Nikasema sikusahau. Darasa zima likacheka, maana kila aliyewahi kusahau alisema vivyo hivyo.

Nikashindwa hata kulia. Aliyeinuka ni baba. Baba alikuwa hatembei bila tepu na penseli mfukoni, hata msibani. Alikwenda nyuma ya stoo na kipande cha mbao, akaazima msumeno na randa, na baada ya dakika ishirini alikuwa amepigilia kiraka kirefu kwenye ukingo wa mlango, kimenyooka sawasawa. Mlango ukafunga, wageni wakapiga makofi, na mimi nikaitwa Pungufu kuanzia siku hiyo.

Tukiwa njiani kurudi, baba alisema jambo moja tu. "Kesho asubuhi uje karakanani."

Nilikwenda. Ningekataa vipi? Lakini jioni ile nilikuwa nimemsikia shangazi akimwambia mama jikoni, bila hata kushusha sauti, "Kaka yangu ana moyo. Kamhurumia mtoto. Nani mwingine angemchukua baada ya aibu ile?" Maneno hayo nimefanya nayo kazi maisha yangu yote. Kila kabati nililotengeneza, kila ngazi, kila dari la kanisa na la msikiti, kuna sauti inaniambia ndani kwa ndani kwamba niliingia kwenye ufundi kwa huruma. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba siku moja kuhusu mlango ule. Akasema, "Ule mlango hauna neno," akaendelea kupiga randa. Nikaona ananibembeleza. Miaka tisa iliyopita tukamzika.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kuupima mwenyewe siku yoyote kati ya hizo zote. Jibu ni rahisi na halinipendezi: niliogopa. Je, kama ni kweli nilisahau?

Sasa Jumatatu lilikuwa linakuja tingatinga. Jumamosi asubuhi nikachukua tepu, nyundo na mtaimbo mdogo, nikaviweka kwenye mkoba wangu mzuri, nikaenda.

Tulifika tisa. Kiranja alikuwa langoni na kofia ya plastiki kichwani, kana kwamba jengo lingeanza kuanguka lenyewe kwa kumwona. Mkunga alinikumbatia mpaka mkoba ukagonga mgongo wake. "Umebeba nini humu, mawe?" Huyu tulikaa dawati moja miaka minne. Amezalisha nusu ya mji, na bado anacheka kama tulipokuwa tukificha mahindi mabichi kwenye droo ya mwalimu.

Tulianza na darasa letu. Dari limetoboka, ubao una nyufa, lakini mwisho wa chumba yalikuwa yamepangwa madawati kumi na mbili, na tuliyajua mara moja. Dereva wa lori, mtu wa maneno machache, alikwenda moja kwa moja kwenye moja, akaligeuza, akatuonyesha herufi za jina lake alizochonga kwa patasi. Akalikalia. Mtu mzima wa kilo mia na kitu, na dawati halikutoa hata mlio.

"Mnasikia?" akauliza.

"Hatusikii kitu," nikamjibu.

"Ndiyo hivyo. Miaka thelathini na moja." Akapangusa macho, akasingizia vumbi. Watoto wangapi wameandika juu ya mbao zile, na tulizikata sisi, kwa rula ambayo haikuwa hata na sifuri.

Mkunga akaketi kando yake, akaanza vituko. "Jamani, hii rula ilitaka kunifukuzisha kazi. Wiki yangu ya kwanza wodini, napewa tepu nzuri, mpya, nipime urefu wa watoto. Napima, mkono unashika, macho yanasoma, mdomo unaongeza tatu! Ijumaa daktari anakuja na daftari. 'Dada, wiki hii tumezalisha watoto au twiga?'"

Tulicheka mpaka vumbi la dari likaanza kutudondokea. Kiranja alicheka kuliko wote. Ni yeye aliyesema, akiwa bado anajifuta machozi, "Wewe angalau uliongeza. Kuna mtu hapa alisahau. Twendeni tukamwone mtoto wake."

Watu wakaanza kutoka, wakiniimbia "Pungufu, Pungufu" kama zamani. Hawakuwa na ubaya, najua. Nikachukua mkoba wangu, nikawafuata.

Stoo iko nyuma, karibu na tangi la maji. Mlango ulikuwepo. Umepakwa rangi mara nyingi, kijani juu ya bluu juu ya kijivu, umebanduka chini, lakini umenyooka. Nilisimama mbele yake. Niliweka kiganja kwenye mbao zake. Niliziunga nikiwa na miaka kumi na saba na hazikuwa zimeachana hata kwa unene wa ukucha.

"Haya, uage," Kiranja akasema.

Nikafungua mkoba, nikatoa tepu. Vicheko vikapungua kidogo kidogo.

"Unafanya nini?"

"Napima mlango wangu."

"Wewe mama! Baada ya miaka yote hiyo?"

"Kwani nakubomolea ratiba?"

Nilishika ncha ya tepu upande wa bawaba, nikaivuta hadi kwenye mshono ambapo kiraka cha baba kinaanzia. Macho yangu yakakataa. Nilimwita Mkunga. "Nisomee. Na usiongeze kitu."

Akainama, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Themanini," akasema. Halafu akasema tena kwa sauti kubwa, kwa ajili ya walio nyuma. "Themanini kamili!"

Nikapima juu, nikapima katikati, nikapima chini. Themanini, themanini, themanini. Kazi ilikuwa bado. Nikaufungua mlango, nikaweka tepu kwenye fremu, kutoka mhimili hadi mhimili. Safari hii nilisoma mwenyewe.

"Themanini na tatu na nusu."

Wote wakamgeukia Kiranja. Kiranja akaitazama fremu yake kama mtu aliyekuta gari geni limeegeshwa kwake.

"Mbao imetanuka," akasema. "Jua, mvua, miaka yote hii."

"Mbao ikitanuka, nafasi inabana, haipanuki. Wewe ni mkandarasi, bwana, usiniaibishe."

"Basi ukuta umesogea."

"Umesogea sentimita tatu kamili, ukasimama hapo?"

Ni Mkunga aliyemkaribia, na aliuliza kwa upole wa wodini, ule anaowaulizia watu mahali panapouma. "Kiranja, fremu ulipimia nini? Ile rula?"

"Rula gani? Mimi?" Akajikuta amejinyoosha, kiburi cha zamani kikampanda. "Mimi nilipewa tepu ya mwalimu mwenyewe. Mpya kabisa, ilikuwa na siku mbili tangu inunuliwe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Nikaivuta, nikaweka ncha ukingoni, nikahesabu themanini na nusu, nika..."

Alitazama mikono yake, iliyokuwa hewani ikishika tepu isiyokuwepo.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikaongeza tatu," akasema.

Dereva wa lori akapiga mluzi. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akakatiza. Kiranja alivua kofia yake, akaketi kwenye kizingiti cha stoo, na suruali yake ya kupigwa pasi ikaingia vumbini.

"Mwaka wa kwanza mpaka wa nne nimekupangia mstari," akasema bila kuniangalia. "Nimekuita Pungufu mbele ya watu, mbele ya wanao. Hata kwenye harusi yako nilikuita. Na pungufu hukuwa wewe. Nisamehe, dada yangu."

Nitasema kweli: nilitamani kumpiga na tepu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyakusanya miaka thelathini na moja na yote yalikuwa makali. Lakini nilipoyatafuta, niliona kitu kingine kimeyatangulia. Nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta, na hakikunitosha. Mtu niliyetaka asikie themanini ile hakuwa pale. Baba alikwenda kaburini akiamini alimchukua binti aliyesahau tatu. Kwa huruma, kama alivyosema shangazi. Tepu isingeweza kumfikia.

"Inuka," nikamwambia Kiranja. "Inuka unishikilie huu mlango. Nautoa, naondoka nao. Na kiraka natoa hapahapa. Hauhitaji kiraka."

Akainuka, akaushika. Nilichomeka mtaimbo kwenye mshono, nikaugonga taratibu kwa nyundo kuanzia juu. Misumari ya baba ililia, maana ilipigwa na mtu aliyejua kupiga, lakini ilikuja, mmoja baada ya mwingine. Kiraka kikaachia chote, nikakidaka kabla hakijafika chini, nikakigeuza.

Upande wa ndani hapakuwa na rangi. Mbao ilikuwa nyeupe kama iliyotoka kupigwa randa jana, na juu yake palikuwa na maandishi ya penseli.

Inabidi mjue jambo moja kuhusu baba. Hakuwa na daftari. Vipimo vyake aliviandika kwenye mbao yenyewe, upande utakaofichika. Kipimo alichokipima mara moja alikiandika tu. Kipimo alichokirudia akakiamini, alikipigia mistari miwili chini. Alinifundisha hivyo, na mafundi wangu sita nimewafundisha hivyo. Na nane yake haikuwa nane ya watu wengine. Ilikuwa sifuri mbili, moja imebeba nyingine.

Nilisoma:

*Mlango 80.*
*Fremu 83½.*
*Kiraka 3.*

Chini ya themanini palikuwa na mistari miwili.

Mkunga alisoma juu ya bega langu. "Alipima," akasema. "Ndugu yangu, baba yako alijua."

Alijua. Alisimama nyuma ya stoo hii, na koti lake la harusini, akapima mlango wa binti yake mara mbili, akapima na fremu, akajua ni nani aliyekosea. Kisha akatoka na kiraka, akakipigilia kwenye mlango wangu badala ya fremu, kwa sababu fremu ilikuwa imejengewa ukutani na wageni walikuwa wanangoja, na kwa sababu hakuwa mtu wa kumuumbua mtoto wa mwenzake mbele ya watu. Kosa akalifunika kwa mbao, na ukweli akauandika mahali seremala anapoandika ukweli. Halafu akaniambia nije karakanani kesho. Nilipomuuliza, akasema mlango hauna neno, na alikuwa ananipa jibu kamili. Baba hakuwa mtu wa kurudia jambo alilokwisha kulipigia mistari miwili.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu wanane, mimi ambaye mafundi wangu wanasema sina machozi. Sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa najisikia mrefu kama watoto wa Mkunga.

Kiranja alikuwa bado ameshika mlango, jasho linamtoka. "Na hakumwambia mtu," akasema. "Baba yangu alikuwa ameketi safu ya mbele siku ile. Angeniua." "Hakumwambia mtu yeyote."

"Ndiyo," nikasema. "Sasa ubebe mlango mpaka kwenye gari. Peke yako."

"Peke yangu? Huu?"

"Ulipewa tepu peke yako."

Watu wakapasuka. Niling'oa bawaba, akaubeba. Alipita uwanja mzima na viatu vyake vya kung'aa, akipumzika mara tatu, na sisi tukimfuata kwa mstari aliotuzoesha mwenyewe, Mkunga akimpigia kelele, "Kiranja, ongeza hatua tatu!" Alipoufikisha kwenye gari alikuwa hoi, lakini alikuwa anacheka, na mimi nilimpa mkono. Nilimsamehe pale, ingawa sikumwambia mpaka wiki iliyofuata. Acha angoje kidogo, mimi nilingoja zaidi.

Jumatatu, wakati tingatinga linaingia shuleni, mimi nilikuwa karakanani kwangu natengeneza fremu. Themanini na nusu. Nilipima, nikarudia, nikaandika upande wa ndani, nikapiga mistari miwili. Niliuacha mlango na rangi zake zote, kijani na bluu na kijivu, na ukingo wake mweupe mahali kiraka kilipokuwa. Nikaupandisha kwenye bawaba, nikausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga, na nusu yake ya kupumua.

Mafundi walikuwa wameacha kazi wananitazama. Mkubwa wao, ambaye alianza ufundi kabla mimi sijaanza shule, akaja akaupapasa mlango, akaangalia mshono wa mbao, akainama kuangalia na chini. Akauliza, "Mama, hili zee umelitoa wapi? Na la nini?"

Nikamwambia, "Huu ndio mlango ulionipatia kazi."